Kufundisha Historia ya Kweli Wakati Watu Wamegawanyika

(Hotuba iliyosomwa kwa niaba ya walimu wanachama katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kupigwa chapa hapa kwa agizo la Kamati.)



Katika kijitabu hiki cha kila mwaka mmezoea kusoma habari za ada zilizolipwa, wafiwa waliosaidiwa, na watoto waliolipiwa karo. Mambo hayo ni mema, na hesabu yake imo katika kurasa nyingine. Sisi walimu tumetakiwa na Kamati tuseme juu ya jambo lisilohesabika kwa shilingi, nalo ni somo la historia, hasa historia ya miaka ile ya Hali ya Hatari, tangu Oktoba 1952 hadi Januari 1960, ambayo katika nchi ya Wakikuyu, Waembu na Wameru bado haijalala usingizi.

Jambo lenyewe limeletwa na ninyi. Wazazi wametujia shuleni kwa nyakati mbalimbali, wakiwa na maombi mawili yasiyopatana. Wengine husema: "Walimu, ziacheni habari za Lari. Watoto wanakaa pamoja kwa amani. Kwa nini mwawachokoza?" Wengine husema: "Walimu, mbona kila mara mwataja waliochomwa na Mau Mau, wala hamwataji waliopigwa risasi baadaye?" Na yamkini wazazi hao wawili ni majirani, mashamba yao yapakana, na watoto wao wakaa dawati moja. Kwa hiyo tumeona si adabu kumjibu kila mmoja peke yake kwa maneno ya kumridhisha. Afadhali tuwajibu wote pamoja, mbele ya wazee, kwa maneno yale yale.

Jibu letu ni hili. Kila nyumba inayo nusu ya habari. Mtoto wa nyumba moja amesikia jikoni kwamba babu yake alipigania uhuru akanyang'anywa shamba. Mtoto wa nyumba ya pili amesikia kwamba babu yake alikuwa Mkristo mwaminifu aliyekatwa kwa panga kwa sababu alikataa kula kiapo. Huenda wote wawili wameambiwa kweli. Lakini nusu hizo mbili zisipokutanishwa darasani mbele ya mwalimu, zitakutana siku moja barabarani, pasipo mwalimu. Sisi twataka zikutane darasani.

Ili msidhani kwamba twasema maneno ya hewani, turuhusuni tuwaeleze jinsi tunavyofundisha usiku mmoja tu, usiku wa tarehe 26 Machi 1953.

Usiku huo yalitokea mambo mawili. La kwanza lilikuwa Naivasha. Wapiganaji wa msituni waliivamia stesheni ya polisi, wakachukua bunduki na risasi, wakawafungulia wafungwa waliokuwa wamezuiliwa humo, wakatoweka gizani. Lilikuwa tendo la ujasiri, na serikali ya kikoloni ilifedheheka. La pili lilikuwa Lari. Kundi la watu liliyaendea maboma ya Chifu Luka Wakahangara na jamaa zake na wengine waliohesabiwa kuwa upande wa serikali. Milango ikafungwa kwa nje, nyumba zikatiwa moto, na waliojaribu kutoka wakakatwa. Chifu Luka akafa, na pamoja naye makumi ya watu, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Mwalimu anayependa kusifu atafundisha Naivasha na kuiruka Lari. Mwalimu anayependa kulaumu atafundisha Lari na kuiruka Naivasha. Lakini usiku ulikuwa mmoja, na vita vilikuwa vile vile. Sisi twafundisha mambo yote mawili katika kipindi kimoja, na mtoto asiandike moja katika daftari lake pasipo kuliandika la pili.

Wala hatuishii hapo, maana tukio lolote lina jana yake na kesho yake. Jana ya Lari ni habari ya ardhi ya Tigoni. Watu wa Tigoni walikuwa na mashamba yaliyozungukwa na mashamba ya walowezi wa Kizungu, na serikali ikataka kuyachukua yawe sehemu ya nchi ya Wazungu. Ikawaambia wahamie Lari. Luka na watu wake wakakubali mabadilishano hayo. Wengine wakakataa, wakasema ardhi ya baba zao haibadilishwi. Mwanzoni mwa miaka ya 1940 waliokataa wakaondolewa kwa nguvu, na wengi wao wakabaki bila shamba huku wakiwatazama waliokubali wakilima Lari. Basi uchungu uliowaka moto mwaka 1953 ulikuwa umewekewa kuni zaidi ya miaka kumi kabla, na aliyeziweka kuni hizo ni serikali iliyowaondoa watu katika ardhi yao kwa faida ya watu wengine.

Kesho ya Lari nayo ni nzito. Usiku ule ule, na katika siku zilizofuata, homugadi, polisi na askari walilipiza kisasi, wakaua watu wengi, na baadhi yao hawakuulizwa hata jina. Picha za waliochomwa zilienezwa na serikali hata ng'ambo, ili ulimwengu uone ukatili wa Mau Mau. Waliouawa kwa kisasi hawakutangaziwa ulimwengu. Kisha zikaja kesi, na makumi ya watu wakanyongwa.

Twawauliza ninyi wazee: katika habari hii, ni wapi tungeweza kukata kwa makasi? Tukiikata jana yake, waliochoma nyumba wataonekana kuwa wanyama wasio na sababu. Tukiukata usiku wenyewe, wanawake na watoto waliokufa watakuwa wameuawa mara ya pili. Tukiikata kesho yake, serikali ya kikoloni itatoka ikiwa na mikono safi. Habari hii yasimama kwa miguu mitatu kama kigoda. Ukikata mguu mmoja, aketiye huanguka.

Sasa tuseme juu ya kupima. Mtoto akiisha kusikia habari, hana budi kufundishwa kuuliza: twajuaje? Hapo ndipo historia inapoachana na hadithi ya kuota moto. Huwapa wanafunzi wakubwa hesabu iliyotolewa na serikali ya kikoloni yenyewe. Hesabu hiyo yasema kwamba wapiganaji waliouawa walikuwa 11,503. Raia Waafrika waliouawa na Mau Mau walikuwa 1,819. Raia wa Kihindi 26. Na raia wa Kizungu 32. Twawaambia wanafunzi: itazameni kwanza namba hiyo ya mwisho, 32, kisha kumbukeni kwamba magazeti ya Uingereza ya siku zile yalijaa habari za hao. Itazameni na namba ya 1,819, mjue kwamba Waafrika waliouawa na Waafrika wenzao hawakuwa wachache. Kisha itazameni namba ya kwanza mjiulize: ni nani aliyeamua kwamba kila mmoja katika hao 11,503 alikuwa mpiganaji?

Baada ya hapo twawauliza swali la pili: ni nani asiyehesabiwa kabisa? Mnakumbuka, wazee, kwamba katika miaka ya 1954 na 1955 watu zaidi ya milioni 1 waliondolewa katika maboma yao na kukusanywa katika vijiji zaidi ya 800 vilivyozungushiwa mahandaki na miiba, na kwamba katika vijiji hivyo njaa na maradhi viliwala watoto. Mtoto aliyekufa kwa kuhara kijijini hakuuawa na mtu yeyote katika hesabu ya serikali. Mwaka 2007 mtaalamu wa takwimu za watu, John Blacker, alichunguza hesabu za sensa, akakadiria kwamba vifo vilivyozidi kawaida katika miaka hiyo vilikuwa kama 50,000, na nusu yake vilikuwa vya watoto walio chini ya miaka 10. Wako wanaotaja namba kubwa zaidi, wakapingwa na wenzao. Hatuwaambii wanafunzi wachague namba inayowapendeza. Twawaambia watazame kila mmoja amehesabu kwa njia gani.

Vivyo hivyo kwa vitabu. Mwaka 1960 serikali ilichapisha taarifa ya F. D. Corfield, ambayo ilimlaumu Jomo Kenyatta na kuieleza Mau Mau kuwa uovu uliopandwa na viongozi, wala si matokeo ya njaa ya ardhi. Mwaka 1963 Josiah Mwangi Kariuki alichapisha kitabu chake juu ya maisha yake katika kambi za kizuizini, alikokaa tangu 1953 hadi 1960. Mmoja aliandika akiwa na mafaili ya serikali mezani. Wa pili aliandika akiwa na makovu. Twavisoma vyote viwili. Mwanafunzi hujifunza kwamba mwenye faili aweza kukosea, na kwamba mwenye kovu naye hawezi kuona kambi zote kwa macho yake mawili. Na mwanafunzi akiuliza Kariuki alifikwa na nini baadaye, hatumfichi: aliuawa mwaka 1975, katika Kenya iliyo huru, naye alikuwa Mbunge. Kweli haina ruhusa ya kwenda likizo siku bendera inapopandishwa.

Wanachama wapendwa, sasa twataka kuyajibu mashaka matatu mliyotuletea.

Shaka la kwanza lasema kwamba somo hili lafukua vidonda, na kwamba Mzee Kenyatta mwenyewe alituagiza kusameheana. Ni kweli aliagiza hivyo. Mwezi wa Agosti 1963 alikwenda Nakuru akawaambia hata walowezi wa Kizungu kwamba yaliyopita yasamehewe, nchi ijengwe. Sisi hatulipingi neno la kusamehe. Twasema tu kwamba kusamehe na kusahau si ndugu. Mwenye kusamehe anajua anasamehe nini, naye anayesamehewa anajua. Asiyelijua deni hawezi kulifuta. Wahenga walisema: mficha maradhi, kilio humfichua. Mau Mau ilipigwa marufuku na wakoloni mwaka 1950, na marufuku hiyo ikabaki katika sheria zetu hadi mwaka 2003, yaani miaka 40 baada ya Uhuru. Katika miaka yote hiyo mzee wa msituni aliweza kuimbiwa wimbo siku ya sikukuu, lakini hakuweza kuandikisha chama kwa jina la vita alivyopigana. Tuulizane: kimya hicho kilimponya nani?

Shaka la pili lasema kwamba somo hili laaibisha nyumba za watu. Shaka hili twaliheshimu, maana ni la haki. Kwa sababu hiyo tumejiwekea kanuni, nazo twazitaja hadharani ili mtushike kwazo. Darasani hatutaji jina la jirani. Twayataja majina yaliyo katika kumbukumbu za umma, kama Dedan Kimathi, aliyekamatwa Oktoba 1956 na kunyongwa Februari 1957, au Chifu Luka; lakini mtu wa kijiji chetu hatumtaji, awe hai au marehemu. Hatumsimamishi mtoto ajibu kwa ajili ya babu yake. Na mtoto akituuliza, "Mwalimu, babu yangu alikuwa upande gani?" jibu letu ni moja siku zote: "Nenda ukamwulize nyumbani kwa heshima, ukamsikilize mpaka amalize." Tendo ni la aliyelitenda. Halirithiwi kama shamba.

Lakini, wazee wetu, shamba lenyewe hurithiwa, na hapo ndipo penye uzito. Haitoshi kusema kwamba watu waligombana kisha wakapatana. Wakati maelfu ya watu walipokuwa kizuizini, serikali iliunganisha mashamba na kuyapima upya, na waliokuwa nje, waliokuwa na sauti mbele ya kamati, wengi wao walitoka na shamba zuri zaidi. Katika uchaguzi wa Machi 1957, ambao kwao Waafrika wanane waliingia katika Baraza la Kutunga Sheria kwa kura za Waafrika, Mkikuyu, Mwembu au Mmeru hakupiga kura ila awe na hati ya uaminifu. Waliorudi kutoka kambini walimkuta mwenye shamba, mwenye hati, na mwenye mtoto shuleni. Hatuwezi kuwafundisha watoto kwamba umaskini wa nyumba fulani watokana na uvivu, hali twajua kwamba ulianza kwa kamba ya mpima ardhi. Wako katika mkutano huu waliosomeshwa kwa mazao ya mashamba hayo, na wako walioacha shule kwa kuyakosa. Kulisema jambo hili si kuomba mtu anyang'anywe. Ni kuomba mtoto wa maskini asiambiwe uongo juu ya sababu ya umaskini wake.

Shaka la tatu latoka upande mwingine. Lasema kwamba tukifundisha makosa ya pande zote mbili, tutamsaidia mkoloni, kwa kuwa ataonekana kuwa mwamuzi aliyesimama katikati ya Waafrika waliokuwa wakiuana. Shaka hili nalo ni la haki, na jibu lake ni kwamba kusema kweli si kugawa lawama nusu kwa nusu kama mtu agawaye mkate. Yuko aliyekuwa na bunduki za magendo, na yuko aliyekuwa na ndege, mahakama, magereza na kitanzi. Zaidi ya watu 1,000 walinyongwa kwa hukumu katika miaka hiyo, na baadhi yao hawakuhukumiwa kwa kuua, ila kwa kushika risasi au kwa kiapo. Serikali ndiyo iliyochukua ardhi, ndiyo iliyokataa kusikia maombi, na ndiyo iliyoweka silaha mikononi mwa mtu amlinde mtawala dhidi ya ndugu yake. Mwaka 1953 ilipiga marufuku chama cha KAU, na mwaka 1955 iliporuhusu vyama tena, ikaruhusu vya wilaya tu, ili watu wa wilaya moja wasijue kuzungumza siasa na watu wa wilaya ya pili. Basi mwanafunzi anayejifunza kweli hamwoni mkoloni amesimama katikati. Anamwona amesimama juu.

Na mwanafunzi huyo huyo hujifunza pia kwamba homugadi hawakuwa watu wa namna moja. Wako walioingia kwa sababu ya imani yao, wako walioingia kwa kutamani ardhi, wako waliolazimishwa, na wako walioingia baada ya kumzika mzazi. Kadhalika waliokula kiapo: wako walioliendea jambo hilo kwa moyo wote, na wako waliosukumwa mlangoni usiku. Na wako wengi waliompa mtu wa msituni chakula usiku, na mchana wakamsalimu chifu, ili watoto wao waishi. Hao wa mwisho hawana sanamu mjini, lakini ndio mababu wa wengi wetu.

Mtu aweza kutuuliza: je, kuna ushahidi wowote kwamba kweli yafaa kitu? Upo, na tuuchukue katika historia hiyo hiyo. Tarehe 3 Machi 1959, katika kambi ya Hola, wafungwa 11 walipigwa na walinzi mpaka wakafa. Serikali ilitangaza kwanza kwamba walikufa baada ya kunywa maji. Uchunguzi ukaonyesha majeraha, jambo likafika katika Bunge la Uingereza, na tangu hapo hata marafiki wa utawala wa kikoloni walishindwa kuutetea mfumo wa kambi. Uongo wa maji haukudumu miezi mingi. Uongo mwingine ulidumu zaidi. Wakoloni walipoondoka walichukua mafaili mengi, na yakafichwa Uingereza hadi mwaka 2011, yalipolazimika kutolewa kwa sababu wazee wachache wa Kenya, wanaume na wanawake, walikuwa wamekwenda mahakamani huko London kueleza waliyotendwa. Tarehe 6 Juni 2013 Waziri wa Mambo ya Nje wa Uingereza, William Hague, alisimama Bungeni akakiri kwamba Wakenya waliteswa chini ya utawala wa kikoloni, akatoa masikitiko ya serikali yake, na kutangaza malipo ya pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Fedha hizo zikigawanywa ni kidogo. Lakini tazameni kilichoishinda serikali kubwa: ni maneno ya wazee, yaliyolindwa katika kumbukumbu kwa miaka 50, yakakutana na karatasi.

Na tukikataa kweli, twaona vilevile malipo yake. Baada ya uchaguzi wa Desemba 2007 watu zaidi ya 1,100 waliuawa katika nchi yetu, na mamia ya maelfu wakayahama makao yao. Waliochoma na waliochomwa, wengi wao walikuwa vijana ambao hawakuwa wamezaliwa wakati mashamba ya Bonde la Ufa yalipogawanywa. Walizipata wapi habari za mashamba hayo? Si darasani. Walizipata mikutanoni kwa watu waliotafuta kura, na kila upande ulipewa nusu yake. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano iliundwa baada ya msiba huo, ikasikiliza maelfu ya watu, ikaandika juu ya ardhi, juu ya mauaji ya Wagalla katika Wajir ya Februari 1984, na juu ya mengine mengi, ikaikabidhi taarifa yake kwa Rais mwezi wa Mei 2013. Taarifa hiyo ni nene, na sisi walimu hatujaona mtoto akiisoma. Kila wakati wa uchaguzi unapokaribia, wanafunzi wetu huja shuleni na maneno mapya ya kuitana. Mwalimu aliyenyamaza kwa miaka minne hawezi kupata la kusema mwaka wa tano.

Bwana Mwenyekiti, tumesema kanuni zetu. Sasa twataka kusema haja zetu, nazo ni nne.

Haja ya kwanza ni maneno yenu. Mtu aliyekuwa kijana wa miaka 15 Hali ya Hatari ilipotangazwa alizaliwa mwaka 1937 au karibu na hapo. Hesabuni wenyewe wangapi wa rika hilo wamebaki katika daftari la wanachama. Twaomba Kamati ikubali kwamba mzee au mama atakayependa kueleza aliyoyaona, yaandikwe kwa lugha yake mwenyewe, asomewe, atie sahihi au dole gumba, na aseme kama jina lake litajwe au lisitajwe. Nakala moja ikae katika sanduku la Chama, na ya pili shuleni.

Haja ya pili ni karatasi zenu. Vipande, pasi, hati za uaminifu, barua zilizotoka kambini, picha, stakabadhi za faini: msizichome wakati wa kusafisha nyumba ya marehemu. Karatasi ambayo yaonekana kuwa aibu kwa mjukuu mmoja yaweza kuwa ushahidi wa haki kwa mjukuu wa jirani.

Haja ya tatu ni miguu yenu. Twaomba wazee wawili, mmoja wa kila upande, waje shuleni pamoja, siku moja, waketi meza moja, waseme mbele ya watoto. Hatuwaombi wakubaliane. Twawaomba wasikilizane tu. Mtoto akiona mtu wa msituni na mtu wa boma la homugadi wakinywa chai katika birika moja, kisha kila mmoja akasema ukweli wake bila kuuficha, atakuwa amejifunza jambo lisilopatikana katika kitabu chochote.

Haja ya nne ni subira yenu. Ukiona katika daftari la mwanao neno lisilokupendeza, usiende kwa mwalimu mkuu kutaka ukurasa utolewe. Njoo na ushahidi wako, nasi tutauweka kando ya ule uliopo. Ukurasa ukiongezwa, mtoto hupata. Ukurasa ukichanwa, mtoto hujua kwamba umechanwa, maana mzizi wake hubaki katika uzi wa daftari.

Wazee wetu, Chama hiki chenyewe kimekwisha kutuonyesha njia. Katika vitabu vyake vya maziko hamna safu ya waliokuwa msituni na safu ya waliokuwa upande wa serikali. Mwanachama alipofariki, ada ilikusanywa, jeneza likanunuliwa, na maiti akafikishwa kwao. Hamkumwuliza mfiwa baba yake alifanya nini mwaka 1953, ingawa wengi wenu mlijua. Mliyajua yote, na bado mlishika jembe mkachimba kaburi. Hilo ndilo tunalotaka watoto wajifunze: kujua yote, na bado kushikana mikono. Wasiojua, mikono yao hushikana kwa muda tu, mpaka atakapotokea mtu wa kuwaeleza nusu ya habari.

Twaacha haja hizo mikononi mwa Kamati, nasi twangojea jibu lenu kabla ya kufunguliwa kwa muhula ujao.